Bastola Ndogo ya Bei Nafuu na Umbali wa Kigoma

Bastola ndogo inayojijaza yenyewe ni silaha ya mkononi yenye mtutu wa sentimita 8 hadi 10, uzito wa gramu 600 hadi 700 ikiwa haina risasi, na magazini ya risasi 10 hadi 15 inayoingia ndani ya mpini. Kazi zake ni mbili, na kazi hizo hazielewani vizuri. Ya kwanza ni kubebwa kiunoni kutwa nzima bila kumsumbua mwenyewe wala kuonekana na watu. Ya pili ni kupiga pale inapolengwa. Kinachofaa kubebwa ni kifupi, chembamba na chepesi. Kinachofaa kulengea ni kirefu na kizito, kwa kuwa uzito hutuliza mkono na urefu huzidisha nafasi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kila bastola ya aina hii ni suluhu kati ya mahitaji hayo. Ile ya bei nafuu ina sharti la ziada: bei isiwe imeshuka pamoja na uhakika wake.

Mtu anayeifikiria silaha hii mkoani Kigoma kwa kawaida ni mfanyabiashara: mnunuzi wa dagaa anayelipa fedha taslimu alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, mwenye duka la jumla Mwanga, mwenye ghala la mawese Ujiji. Swali lake la kwanza huwa ni bei ya dukani. Ni swali la haki, ila halimwambii mengi. Uzima wa bastola hujulikana kwa idadi ya risasi zilizokwisha kupita ndani yake, na katika mji ulio kilomita 1,250 hivi za reli kutoka Dar es Salaam, risasi ndiyo gharama inayosahauliwa.

Usahaulifu huo una historia ndefu kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 bunduki za gumegume zilifika Ujiji kwa njia ileile ya misafara iliyopeleka pembe na watumwa pwani, na baruti ililazimika kufuata njia hiyohiyo kichwani mwa wapagazi. Msafara wa mwanahabari Stanley ulipokaribia Ujiji mwaka 1871, watu wake walipiga bunduki hewani kuutangazia mji kwamba wageni wamefika, kama ilivyokuwa desturi. Kila mlio ulikuwa ni baruti iliyotembea kwa miguu miezi kadhaa. Dola za Ulaya zilielewa jambo hilo vizuri: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kidogo kwa gumegume na baruti ya kawaida. Aliyezuia risasi alikuwa ameizuia bunduki.

Bastola inayojijaza ilizaliwa wakati huohuo. Mmarekani John Moses Browning alibuni mojawapo ya zile za mwanzo, na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kikaitengeneza. Jeshi la Ubelgiji likawapa maofisa wake mfano wa 1900. Miaka 16 baadaye majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliiteka Kigoma, Julai 1916, na Wabelgiji wakabaki hapo mpaka 1921. Upande wa Wajerumani, Georg Luger alikuwa ametengeneza mwaka 1902 risasi ya milimita 9 ambayo leo ndiyo inayotumiwa na bastola nyingi zinazouzwa duniani. Risasi ya Kijerumani na bastola ya Kibelgiji zilikutana mwaka 1935 katika Browning ya GP35, iliyomaliziwa na Dieudonné Saive baada ya Browning kufariki. Magazini yake ilibeba risasi 13 wakati nyingi za wenzake zilibeba 7 au 8, nayo ilitumika kwa miongo mingi katika majeshi ya ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Kuna ushuhuda mmoja wa Ziwa Tanganyika ambao kila mwenye silaha angefaidika kuujua. Mwezi Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, akarudi Kigoma mwezi Novemba akiwa ameshindwa. Katika kumbukumbu zake hakulalamikia uhaba wa silaha peke yake. Alilalamika kwamba wapiganaji walifumba macho na kuvuta triga mpaka risasi zikaisha, kwa sababu hapakuwa na aliyewafundisha kulenga. Silaha zilikuwepo, tena nyingine nzuri.

Namna bastola inavyofanya kazi ndiyo inayoonyesha mahali pa kuikagua. Risasi moja ina ganda la shaba, fataki kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Triga ikivutwa, pini hugonga fataki, baruti huungua, na gesi yake husukuma kichwa kutoka mtutuni. Nguvu hiyohiyo husukuma nyuma ile sehemu ya juu iitwayo slaidi. Slaidi ikirudi nyuma, kidole kidogo cha chuma hulivuta ganda tupu na kulirusha nje. Springi huirudisha slaidi mbele, nayo huchota risasi nyingine juu ya magazini na kuiingiza chemba. Yote hayo humalizika kabla jicho halijapepesa. Kwa kila risasi mpigaji huvuta triga upya, maana hii haifululizi kama bunduki ya rashasha.

Bastola kubwa ina nafasi ya kutosha ya kuyafanya hayo. Katika bastola ndogo slaidi husafiri masafa mafupi, springi ni ngumu zaidi, na magazini iliyofupishwa hulazimika kusukuma risasi juu kwa haraka zaidi. Ndiyo maana bastola ndogo hukwama kwa makosa ambayo bastola kubwa huyavumilia: risasi dhaifu, mkono uliolegea, magazini iliyopinda mdomo, uchafu kidogo chini ya kidole cha kuvutia maganda. Tofauti kati ya bastola rahisi nzuri na bastola rahisi mbaya huonekana hapo, wala haionekani ikiwa imelazwa mezani dukani.

Kuna sababu za halali za bastola kuwa ya bei ya chini. Tangu jeshi la Austria lilipoichagua Glock mwaka 1982, viwanda vingi vimeacha kuchonga fremu ya chuma na badala yake humimina plastiki ngumu katika kalibu. Kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika chache. Brazili wana Taurus, ambayo G2C yake ya risasi 12 na mtutu wa sentimita 8 hivi huuzwa Marekani kwa karibu nusu ya bei ya Glock 19. Uturuki ina viwanda vilivyopangana kwenye pwani ya Bahari Nyeusi: Canik huko Samsun, Girsan huko Giresun, Tisas huko Trabzon. China ina Norinco, inayonakili mifano ya wengine, kuanzia Tokarev ya Kirusi hadi CZ 75 ya Kicheki. CZ yenyewe ni jina la nyumbani Afrika Mashariki; nchini Kenya, ambako polisi wameitumia kwa miaka mingi, magazeti huiita Ceska na msomaji hahitaji maelezo zaidi.

Kiwanda kinachouza rahisi hubana mahali fulani. Kikibana rangi na mng'aro wa chuma, hakuna ubaya. Kikiweka vilengeo vya plastiki, vinaweza kubadilishwa. Kikitoa magazini moja badala ya mbili, mnunuzi amepunjwa, lakini bado ana bastola. Ubanaji wa hatari ni ule wa mtutu, wa kidole cha kuvutia maganda, wa springi za magazini na wa vizuizi vya ndani vinavyoifunga pini isigonge fataki mpaka triga ivutwe. Vizuizi hivyo ndivyo vinavyoamua kama bastola iliyoanguka sakafuni itanyamaza au italia. Mwaka 2015 Taurus ilikubali kusuluhisha kesi nchini Marekani iliyogusa bastola zinazokaribia milioni moja za mifano tisa ya zamani, ambazo zilidaiwa kuweza kulia zikianguka; kampuni haikukiri kosa. Mwenye pesa asijisifu haraka, kwa kuwa mwaka 2017 SIG Sauer, ambayo P320 yake ilikuwa imechaguliwa na jeshi la Marekani mwezi Januari, ilitangaza mwezi Agosti kuwafanyia wateja marekebisho baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kulia ikidondoka kwa pembe fulani. Bei kubwa haikuwa kinga.

Triga inastahili kuangaliwa peke yake. Katika bastola za nyundo, kama CZ 75 na zile zilizoigwa kutoka kwake, nyundo inaonekana nyuma na mtumiaji hujua kwa kuitazama kama imekokiwa. Katika bastola za kizazi cha Glock nyundo haipo. Pini yenyewe husukumwa na springi ndani ya slaidi, na si rahisi jicho kujua hali yake. Nyingi kati ya hizo hazina hata kitasa cha usalama cha nje, isipokuwa kiulimi kidogo juu ya triga. G2C ya Taurus ina kitasa hicho, na kwa mtu asiyefanya mazoezi mara kwa mara hilo ni jambo la kupongezwa, hata kama wapigaji hodari hukidharau. Triga ya bastola rahisi mara nyingi ina safari ndefu yenye mikwaruzo kabla haijaachia. Kwa kulenga shabaha huo ni usumbufu. Kwa kubeba kiunoni, safari ndefu ni afadhali kuliko triga laini inayosubiri kidole kiguse tu.

Kabla ya risasi ya kwanza, ukaguzi hufanywa silaha ikiwa tupu: magazini imetolewa, slaidi imevutwa, chemba imetazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Slaidi inapaswa kwenda na kurudi bila kusita. Magazini tupu ikipachikwa na slaidi ikavutwa, bastola nyingi huiacha slaidi wazi. Isipobaki wazi, ama springi ya magazini imechoka au kishikizo kimelika. Mtutu ukielekezwa kwenye mwanga unapaswa kuonyesha mifuo iliyokata wazi bila madoa ya kutu. Kwa bastola iliyokwisha kutumiwa, namba zinazoonekana kwenye slaidi, kwenye fremu na kwenye mtutu hulinganishwa. Zisipolingana, ununuzi uishie hapo.

Uwanjani, bastola ndogo hupimwa kwanza kwa mita 7. Umbali huo unaonekana mdogo kwa mtu aliyezoea sinema, lakini wengi wanaoshika bastola kwa mara ya kwanza huikosa karatasi hata hapo. Mpigaji wa wastani akituliza mikono anaweza kuweka risasi tano ndani ya duara la sentimita 8 hadi 10 kwa mita 7. Kwa mita 15 duara hupanuka. Kwa mita 25 risasi zikikaa ndani ya sentimita 20 bastola haina lawama. Zikitawanyika zaidi ya hapo, mara nyingi kosa ni la kidole kinachoivuta triga kwa kushtuka, na mpigaji mwingine apewe ajaribu kabla ya kulaumu chuma. Kundi la risasi linalokaa pamoja lakini kushoto au chini ya nukta ni habari njema, maana linarekebishika kwa kilengeo au kwa mkono.

Usahihi, hata hivyo, si mtihani mkubwa kwa silaha ya kujilinda. Mtihani mkubwa ni kutokwama. Wapigaji wenye uzoefu husema bastola iaminiwe baada ya risasi kama 200 kupita bila kukwama, zikiwemo za aina ileile itakayobebwa. Kila magazini huwekewa alama, na kila mkwamo huandikwa pamoja na alama ya magazini iliyokuwemo. Mikwamo ikiandama magazini moja, magazini hiyo itupwe na bastola haina kosa. Ikitokea kwa magazini zote na kwa wapigaji wote, bastola irudishwe. Ikitokea kwa mtu mmoja tu, mtu huyo hashiki kwa nguvu ya kutosha, na slaidi hukosa ukuta wa kusukumia. Mkwamo mmoja au miwili katika risasi 50 za mwanzo inaweza kusamehewa silaha mpya ambayo sehemu zake hazijalainika. Katika 50 za mwisho hakuna msamaha.

Hapo ndipo umbali wa Kigoma unapoingia kwenye hesabu. Viwanja vya shabaha vya mkoa ni vya majeshi. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Bulombora hufunza vijana kulenga kila mwaka, lakini si mahali pa mfanyabiashara kuingia na bastola yake Jumamosi. Nchini Kenya mmiliki wa leseni anaweza kwenda Kirigiti, Kiambu, akalenga na hata kushindana. Mmiliki wa Kigoma hana budi kupanga mafunzo mapema na polisi au na mwalimu anayetambulika, au kusafiri. Risasi nazo hununuliwa kwa kibali na katika maduka yenye leseni, ambayo ni machache nchini na zaidi yako miji mikubwa. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba risasi moja inagharimu shilingi 3,000. Mtihani wa risasi 200 ni shilingi 600,000. Mazoezi ya risasi 50 kwa mwezi ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, kabla ya nauli. Kwa hesabu hiyo, kuokoa shilingi laki chache kwenye bei ya bastola ni jambo dogo, na bastola inayokula risasi za aina adimu huwa ghali hata ikitolewa bure.

Ndiyo sababu aina ya risasi huamuliwa kabla ya aina ya bastola. Neno milimita 9 lenyewe halitoshi. Risasi ya Luger ina ganda la milimita 19 na huandikwa 9×19. Makarov ya Kirusi hutumia 9×18, ambayo ni fupi na pana kidogo, na bastola nyingine ndogo za zamani hutumia 9×17, iliyobuniwa na Browning. Hazibadilishani. Tokarev na nakala zake za Kichina hutumia risasi ya kaliba 7.62 yenye ganda jembamba la milimita 25, yenye kasi na mlio mkali, ambayo raia hupata tabu kuitafuta. Kwa mnunuzi wa leo 9×19 ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, na hakuna sababu nzuri ya kuiacha kwa ajili ya bastola iliyopunguzwa bei kwa sababu imekosa risasi.

Kubeba ni elimu nyingine. Bastola inahitaji ala ngumu inayoifunika triga yote na kuishika silaha hata mwenyewe akiinama au akipanda bodaboda. Kuitia mfukoni pamoja na funguo, au kuichomeka kwenye mkanda bila ala, ni kuomba ajali. Kuhusu kubeba na risasi ikiwa chemba, wakufunzi wana ubishi usiokwisha. Wanaofanya mazoezi kila wiki wana haki ya kubeba hivyo. Kwa mmiliki anayelenga mara mbili kwa mwaka, anayepanda pikipiki kwenye barabara za vumbi na kuingia na kutoka kwenye mitumbwi, chemba tupu na magazini iliyojaa ni uamuzi wenye busara zaidi. Sekunde moja anayopoteza ni ndogo kuliko hatari anayoiondoa kwa siku zote nyingine za mwaka.

Hali ya hewa ya ziwani ina kazi yake. Mvua za Kigoma huanza karibu na Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Mei, na katika miezi hiyo unyevu hauondoki nguoni. Maji ya ziwa hayana chumvi ya baharini, lakini jasho linayo, na bastola inayolala ubavuni mwa mtu huonja jasho kila siku. Slaidi za bei nafuu huanza kuota kutu kwenye kilengeo cha nyuma na kwenye mistari ya kushikia. Kitambaa chenye mafuta ya bunduki kila jioni kinatosha. Ala ya ngozi hunyonya jasho na kulirudisha kwenye chuma, kwa hiyo plastiki ni bora, na silaha isihifadhiwe ndani ya ala. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, adui hubadilika kuwa vumbi, na mafuta mengi hugeuka tope. Risasi zinazobebwa kila siku hutolewa na kubadilishwa kila baada ya muda. Zile za zamani hutumiwa kwenye mazoezi, na hivyo hazipotei.

Kichwa cha risasi ya 9×19 kina uzito wa gramu 7 na nusu hadi 8, hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, na kinaweza kufika zaidi ya kilomita moja. Hupita bati kana kwamba halipo, na kuta nyembamba nyingi hazikizuii. Kibirizi asubuhi, penye wachuuzi, wapagazi na watoto, karibu hakuna upande ambao risasi iliyokosa shabaha haitakuta mtu. Mwenye kubeba bastola katika mazingira hayo anajibika kwa risasi yake mpaka itakaposimama. Kwa ulinzi wa duka usiku, bunduki ya marisau, ambayo walinzi wengi huitumia, ni rahisi kulenga kuliko bastola ndogo, na haimwandami mwenyewe sokoni. Huduma za fedha kwa simu nazo zimepunguza mabunda ya noti yaliyokuwa yakiwafanya wafanyabiashara wafikirie bastola. Njia hiyo ya kujilinda haihitaji shabaha.

Tanzania hudhibiti silaha za raia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki si haki ya kuzaliwa nayo, ni ruhusa. Ombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako watu wanamjua mwombaji, hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama, na polisi humchunguza mwombaji na sababu zake. Leseni hutaja silaha mahsusi kwa namba yake. Anayebadilisha bastola hubadilisha leseni. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha za raia, na Rais John Magufuli naye akahakikiwa zake. Kenya ilifanya zoezi kama hilo kuanzia mwisho wa 2018, ikawaita wamiliki wote upya mbele ya bodi ya leseni. Mwenye leseni asiitegemee kama cheti cha ndoa. Hukaguliwa, huhuishwa na huweza kufutwa.

Leseni hiyo huishia mpakani. Kigoma ni bandari ya kwenda Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu, na mfanyabiashara wa ziwa hupita mipaka kirahisi kuliko mwenzake wa bara. Bastola halali Ujiji ni kosa la jinai mara boti inapotia nanga ng'ambo, hata kama ilisahauliwa ndani ya begi. Nchi za eneo hili zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, inayozitaka kuziwekea silaha alama, kutunza kumbukumbu zake na kuharibu zile haramu. Alama hizo ndizo huwezesha bastola iliyookotwa kufuatwa nyuma hadi kwa aliyeiuza.

Kwa sababu hiyo kuna bastola moja ambayo hakuna kipimo kinachoihusu: ile inayonong'onezwa gizani kwa bei ya kutupa. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993 na vya Kongo vilivyofuata 1996 viliacha silaha nyingi kuzunguka ziwa, na baadhi yake zilitumika kupora wavuvi injini na nyavu na kuteka magari barabarani. Bastola isiyo na karatasi huja na historia yake yote, na anayekamatwa nayo huirithi historia hiyo. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari, na katika vipindi hivyo magobore ya kienyeji na silaha za vita hupelekwa vituo vya polisi na ofisi za serikali za mitaa.

Nyumbani, bastola hukaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, na risasi mahali pengine penye kufuli yake. Juu ya kabati si mahali. Watoto hujua kila kilicho juu ya kabati. Ufunguo hauachwi nyumbani mwenyewe akisafiri. Silaha ikipotea au kuibwa, taarifa hutolewa polisi mara moja, kwa kuwa kila saa inayopita kabla ya taarifa ni saa ambayo silaha ikitumika kwenye uhalifu, namba yake bado ina jina la mmiliki.

Leseni ni ya mtu, wala haigawanywi pamoja na shamba na nyumba. Mmiliki akifariki, warithi hawaruhusiwi kuiweka silaha wakingoja kikao cha ukoo. Huikabidhi kituo cha polisi pamoja na risasi na leseni, na hupewa hati ya kupokelewa. Mrithi anayeitaka huanza ombi lake mwenyewe tangu serikali ya mtaa. Asipoitaka, huweza kuuzwa kwa mwenye kibali kupitia polisi. Bastola ya bei nafuu iliyotunzwa vizuri, yenye magazini zake zote na daftari la risasi zilizopita ndani yake, hupata mnunuzi kwa urahisi zaidi kuliko ya gharama isiyojulikana imefanya nini.